Hati ya Kuachiliwa

Mtaa mzima ulimwita Kamusi, na jina hilo hakulikataa. Alikuwa mfasiri aliyeapishwa, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la madaftari. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na muhuri wa mviringo aliouhifadhi ndani ya kopo la majani ya chai. Watu walipanda ngazi zake na vyeti vya kuzaliwa, hati za talaka na mikataba ya nyumba, wakashuka na karatasi hizo zimegeuzwa lugha na kupigwa muhuri. Wachokozi walisema amemeza kamusi pamoja na jalada lake, ndiyo maana tumbo limetangulia. Alicheka nao. Lakini ole wako umwambie kwamba neno fulani halitafsiriki. Angekukalisha hapo mpaka chai yako ipoe.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kike. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka ishirini na miwili na binti akiwa na tisa, kwa hiyo Kamusi alikuwa kaka na baba kwa mpigo. Alimsuka nywele kwa mikono isiyojua kusuka, akamsomesha, akaja kumwoza kwa mtu aliyempenda. Mtu huyo alikuwa mrefu, mpole, mwenye mizaha, na alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo, kile kinachofua mashuka ya mahoteli na mahospitali. Yeye aliendesha mashine ya kunyooshea: roli mbili ndefu za chuma, zenye moto, shuka bichi linaingia huku na kutoka kule limenyooka kama karatasi. Kazini walimwita Pasi. Miaka kumi na mmoja alisimama mbele ya roli hizo. "Mimi nimewalaza watu wengi kuliko usingizi wenyewe," alizoea kusema, na mkewe alizoea kujifanya hajawahi kuusikia mzaha huo.

Mashine ile ilikuwa na ufito wa usalama mbele yake. Mkono ukiugusa ufito, umeme hukatika na roli husimama. Ufito uliharibika, ukawa unazima mashine ovyo, na msimamizi akaagiza ufungwe kwa kitambaa mpaka fundi aje. Wiki mbili zikapita, fundi hakuja. Jumanne moja saa nne asubuhi, shuka lilijikunja, Pasi akanyoosha mkono wa kulia kulikunjua, na roli zikalivuta shuka na mkono.

Alilazwa wiki sita. Madaktari waliuokoa mkono, wakabandika ngozi waliyoitoa pajani, kisha wakamwambia sasa anaweza kwenda nyumbani, vidonda vitaendelea kupona polepole. Hapo ndipo taabu nyingine ilipoanza. Gharama za matibabu hazikuwa zimelipwa, na hospitali ile haikumruhusu mgonjwa kutoka kabla ya kulipa. Mlangoni mwa wodi alikaa mlinzi mwenye daftari. Jina lako likikosekana daftarini, hutoki. Kitanda chake akapewa mgonjwa mwingine, yeye akatandikiwa godoro ukumbini, karibu na bomba la kunawia mikono. Akakaa hapo wiki tatu zaidi, mtu mzima aliyepona nusu, akirukwa na watu wanaokwenda chooni.

Mkewe alikuja kila siku na chupa ya chai. Alikonda mpaka nguo zikamcheza. "Kaka," alimwambia Kamusi siku moja, "hata mwizi huambiwa kifungo chake ni cha muda gani. Mume wangu ameambiwa nini?"

Kamusi alikuwa ameshatoa vyake vyote, na havikufika hata robo ya deni.

Basi fikiria furaha yake pale wakili wa kiwanda alipopanda ngazi za ofisi, nadhifu, viatu vinang'aa, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisema kiwanda kimekubali kulipa gharama zote za hospitali. Kilichobaki ni karatasi moja tu ya kutiwa sahihi.

"Karatasi iko kwa Kiingereza," wakili alisema, "na sheria inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa. Tungeweza kumchukua mfasiri yeyote. Lakini nimesikia ni shemeji yako, nikaona heri wewe. Anakuamini." Alipofika mlangoni akageuka. "Halafu, Mzee, ofisini kwetu kuna mafaili kama arobaini yanayotaka kufasiriwa. Tukimaliza hili, tuzungumze."

Walikwenda hospitali mchana uleule. Wauguzi walimpa Kamusi chumba chao cha chai, akaketi kwenye kona na kompyuta yake, wakili akasimama dirishani akitazama saa. Karatasi ilikuwa ya kurasa mbili. Juu yake palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: RELEASE.

Neno lenyewe alilijua kama anavyomjua jirani. Kumwacha mtu aende zake. Kumfungulia. Kwenye ukumbi, hatua ishirini kutoka pale, shemeji yake alikuwa amelala sakafuni akingoja neno hilohilo, na mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu. Vidole vya Kamusi vikaandika kabla kichwa hakijaagiza: HATI YA KUACHILIWA. Akaendelea na sentensi ya kwanza: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini ninaachiliwa na kampuni kutokana na madai yote.*

Akafika ukurasa wa pili. Huko kulikuwa na maneno marefu yaliyofungamana kama nywele zisizochanwa. Kampuni, wakurugenzi wake, mawakala wake na warithi wao. Madai yanayojulikana na yasiyojulikana. Kisha hili: tangu mwanzo wa dunia hadi siku ya leo.

Hapo mikono yake ilisimama.

Bili gani ya hospitali inaanza tangu mwanzo wa dunia? Akarudi ukurasa wa kwanza, akaisoma tena ile sentensi yenyewe, na safari hii akaona nani ametangulia kitenzi na nani amekifuata. Kiwanda hakikuwa kinamwachilia mtu. Mtu ndiye aliyekuwa anakiachilia kiwanda.

"Kuna tatizo, Mzee?" wakili aliuliza bila kugeuka.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo kisa kilipo. Kamusi angeweza kusema, lipo. Neno lilimfika ulimini. Lakini alimsikia mdogo wake akikohoa ukumbini, kile kikohozi cha mtu aliyelia mpaka akakaukiwa. Akafikiri: shemeji akikataa kutia sahihi, atalala sakafuni mpaka lini? Na kama mtu anavyotupia jicho chakula cha jirani halafu akajifanya anatazama ukuta, akafikiri pia juu ya yale mafaili arobaini.

"Hakuna," alisema.

Akamalizia haraka. Ukurasa wa pili wote akaukusanya katika mistari mitatu laini. Wakachapa, akapiga muhuri. Akachutama kando ya godoro akamwambia shemeji yake, "Ni karatasi ya kukutoa hapa."

"Hii ndiyo rilizi yenyewe?" Pasi aliuliza. Neno hilo alikuwa amelisikia kwa wauguzi.

"Ndiyo hii."

Pasi alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zikayumba kama za mtoto wa chekechea, Kamusi akiwa ameishikilia karatasi isiteleze. Saa tisa jina lake likaingia daftarini. Mlinzi akampigia saluti ya mzaha. Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, akamkumbatia kaka yake hapohapo mlangoni mbele za watu, akasema, "Mungu akulipe, kaka." Kamusi akasema amina.

Mafaili yalikuja kweli. Alinunua kiti kipya. Miezi saba ikapita.

Lakini mkono haukupona. Vidole vilijikunja taratibu kuelekea kiganjani, ngozi iliyobandikwa ikapasuka, ikatunga usaha. Daktari alisema unahitaji kupasuliwa tena mara mbili, na mapema, la sivyo vidole vitapotea. Pasi akautundika mkono shingoni kwa kipande cha shuka, akaenda kiwandani kuomba watimize wajibu wao. Walimkalisha kwenye benchi saa tatu, kisha wakamtolea karatasi yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi mdogo wake alipanda zile ngazi na nakala ya karatasi hiyo. Hakuketi.

"Kaka, hebu nisomee hapa. Wanasema mume wangu aliandika kwamba hatawadai kitu maisha yake yote. Mimi nimewaambia waongo hao, karatasi hii ameisoma kaka yangu."

Kamusi alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Aliisoma karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kuna kosa," alisema mwishowe. "Nimekosea mimi. Nimeandika *kuachiliwa*, na ilitakiwa kuwa *kuachilia*."

"Sasa hapo tofauti nini?"

"Herufi moja."

Mdogo wake alimtazama, akamtazama tena, kisha, badala ya kumkasirikia, akavuta kiti akaketi karibu naye na kumshika bega. "Hata wewe binadamu, kaka. Siku ile ulikuwa umechoka kama sisi. Tutasema ilikuwa bahati mbaya, watatusikiliza." Akamwuliza kama amekunywa chai. Mtu akikutukana unajua pa kuweka mikono yako. Akikuhurumia kwa kosa usilolikosea, na lile ulilolikosea hajalijua, unatamani ardhi ipasuke.

Walipeleka malalamiko kwenye baraza la usuluhishi wa kazi, wakapewa tarehe.

Siku zile za kungoja Kamusi hakufanya kazi ya mtu. Aliishusha kamusi yake kubwa ya Kiingereza, ile ya kuelezea asili za maneno, nzito kama tofali, akafungua ukurasa wa neno lile. Alijiambia anajiandaa kwa ajili ya baraza. Ukweli ni kwamba alitafuta pa kujificha. Alitaka kukuta maana moja tu, hata ya zamani iliyokufa, ambayo ingesema kwamba alichoandika hakikuwa uongo.

Neno lilikuwa limetoka mbali. Warumi walikuwa na kitenzi cha kulegeza: kulegeza kamba, kulegeza mshipi, kulegeza kilichokazwa. Wakakitia kiambishi mbele kikawa kulegeza tena, kurudisha kitu katika ulegevu wake. Wafaransa wa kale walilipokea, wakalitafuna mpaka baadhi ya herufi zikaanguka, wakalitumia kwa kuacha na kuacha nyuma. Waingereza wakalitwaa kwao karne nyingi zilizopita. Ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wametapakaa humo kamusini, wengine hawafanani naye hata kidogo: neno la kupumzika, neno la kupangisha nyumba, hata neno la kiungo kinachotia chakula ladha, ambalo lilianza kwa maana ya kitu kilichobaki nyuma. Kamusi alisoma hapo akahisi uchungu chini ya ulimi.

Maana zilijaa safu mbili. Mfungwa hutoka. Mshale huacha upinde. Breki ya gari hulegea. Habari hupewa magazeti. Na humo katikati, kwa maandishi madogo, maana ya kisheria, ya zamani kama zile nyingine: mtu kuachia haki yake mikononi mwa mwingine. Akaisoma mara nyingi. Katika kila maana palikuwa na mkono unaolegea, na kila mara ilibidi kuuliza, mkono wa nani? Kiingereza kilikuwa kimempa jibu wazi tangu ile siku ya kwanza. Kiswahili nacho hakikumwangusha: acha, achia, achilia, achiliwa, kila silabi mahali pake, kila mtu na nafasi yake. Hakuna lugha iliyomponza. Akaifunga ile kamusi, na vumbi likampanda puani akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

Siku mbili kabla ya shauri, wakili alikuja tena.

"Mzee, usijitie kitanzi bure," alisema, akiketi kwenye kiti kipya bila kukaribishwa. "Nimeiona tafsiri. Kosa la uchapaji, nani hakosei? Utasema kidole kiliteleza. Lakini utaongeza kwamba ulimweleza yote kwa mdomo. Ulimweleza, si ndiyo? Palikuwa na watu wengi, nani atakumbuka? Karatasi inabaki, muhuri wako unabaki, na kazi zetu zinaendelea."

"Na mkono wake?"

"Mkono wake ni suala la madaktari." Wakili akainuka, akajifuta suruali. "Ukisema vinginevyo, ukasema uliielewa ukaficha, hilo si kosa tena. Hilo lina jina lingine, na wewe unajua majina ya vitu."

Chumba cha baraza kilikuwa na viti vya plastiki na feni inayolia kila inapozunguka. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, mafua yamemkaba; kila baada ya dakika alipenga kamasi na kuomba radhi. Pasi alikaa mbele, mkono umefungwa bandeji mpya kwa ajili ya heshima ya mahali. Mkewe alikaa kando yake. Kamusi aliitwa, akaapishwa, akaketi akiwatazama wote wawili uso kwa uso.

Wakili wa kiwanda alianza.

"Mheshimiwa, tunabishania upepo. Fungua kamusi yoyote, maana ya kwanza ya neno hili ni kuacha huru. Mfasiri akaandika kuachiliwa. Uhuru ni uhuru. Kosa liko wapi?"

Msuluhishi alimgeukia Kamusi. "Mjibu. Na mimi nieleze kwa lugha nyepesi, kichwa changu leo kizito."

"Mheshimiwa, askari jela akifungua mlango, pale pana watu wawili. Mmoja anaachilia, mwingine anaachiliwa. Ukiwabadilisha katika karatasi, aliyekuwa ndani anabaki ndani na aliyekuwa nje anakwenda zake."

"Na katika karatasi hii, nani alikuwa ndani?"

"Kiwanda," Kamusi alisema. "Kiwanda ndicho kilichofungwa. Kilifungwa na ule mkono. Shemeji yangu ndiye aliyeshika ufunguo, na mimi nikamfanya aamini kwamba yeye ndiye mfungwa. Akautoa ufunguo akifikiri anafunguliwa."

Feni ikalia. Msuluhishi aliandika kwa muda, kisha akauliza swali lile ambalo Kamusi alilisubiri.

"Kwenye maandishi umekosea, nimekuelewa. Je, kwa mdomo ulimweleza? Ulimwambia kwamba akitia sahihi, hataweza kukidai kiwanda tena?"

Wakili aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Mdogo wake Kamusi alimtingishia kichwa kaka yake kidogo, kumtia moyo, kama mtu anayemsindikiza mtoto jukwaani. Alijua kosa ni la herufi. Alitaka aliseme hivyo, amalize, waende nyumbani.

"Sikumweleza."

"Kwa sababu na wewe hukuielewa vizuri?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Angesema ndiyo, shauri lingekwenda vizuri vilevile. Karatasi ingeanguka kwa ujinga wa mfasiri, na mfasiri angeonewa huruma. Lakini wakili alikuwa amekwisha kuinuka nusu, na Kamusi alijua swali litakalofuata: mtu wa miaka thelathini katika kazi hii, unaliambia baraza hukulielewa neno ambalo kila mwanafunzi analijua? Wangemtingisha mpaka uongo wa kwanza uzae wa pili. Si hilo tu. Alikuwa amechoka kushikwa bega.

"Niliielewa," alisema. "Sikuielewa mwanzoni. Nilipofika ukurasa wa pili nikaielewa. Nikarudi nikaisoma, nikajua inasema nini, nikaandika ninachojua sicho."

"Kwa nini?"

"Nilitaka atoke pale sakafuni." Macho yake yakaenda kwa wakili. "Na niliahidiwa kazi. Vyote viwili. Siwezi kukwambia kipi kilikuwa kikubwa, mheshimiwa, nimejaribu kuvipima na sijui."

"Kaka?" mdogo wake alisema.

Alilisema polepole, kama alivyokuwa akiita zamani kutoka chumba cha pili kuhakikisha hayuko peke yake nyumbani. Kisha akachukua mkoba wake, akapita kati ya viti, akatoka. Hakubamiza mlango. Aliurudisha kwa mikono miwili, na hilo lilimuuma Kamusi kuliko mbamizo.

Pasi hakuondoka. Alikaa akiitazama bandeji yake. Msuluhishi alipotangaza mapumziko ya nusu saa na watu wakatoka kunyoosha miguu, wao wawili wakabaki.

"Uliishika karatasi isiteleze," Pasi alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Nikakwambia asante."

"Ndiyo."

"Ungeniambia." Sauti yake haikupanda. "Ungeniambia tu, shemeji. Labda ningetia sahihi vilevile. Pale chini palikuwa pabaya, wallahi, labda ningetia. Lakini ningekuwa nimetia mimi."

Akanyanyuka akaenda kumtafuta mkewe.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili. Baraza lilisema karatasi haina nguvu, kwa kuwa aliyeitia sahihi hakuelezwa inasema nini, na kiwanda kijibu madai kama vile haikuwahi kuandikwa. Kiwanda kilinung'unika, kikakata rufaa, kisha kikakubali kugharimia upasuaji wakati mengine yakiendelea kubishaniwa. Yanabishaniwa mpaka leo.

Kwa upande wa Kamusi, unga ulimwagika. Barua ilimjia kwamba jina lake limefutwa kwenye orodha ya wafasiri na aurudishe muhuri ndani ya siku saba. Aliupeleka siku ya pili. Karani aliupokea bila kumtazama, akaufungulia droo ambamo mlikuwa na mihuri mingine kumi hivi, ya watu ambao Kamusi hakujua walikosa nini, akautupa humo. Uchunguzi wa jinai ulianzishwa, ukalegalega, ukaachwa bila mtu kumwambia kwa nini. Alirudisha chumba kwa mwenye nyumba. Mtaani waliendelea kumwita Kamusi, ila sasa wengine walilitamka kwa namna nyingine, na watoto wakicheka nyuma yake hakujua tena wanacheka nini.

Mdogo wake hakupokea simu. Kamusi alimwandikia barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu na yenye sababu, akaichana mwenyewe. Ya pili aliipeleka ikarudi. Ya tatu ilikuwa mstari mmoja, nayo haikujibiwa.

Siku ya upasuaji alikwenda hospitali akaketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi. Mdogo wake alipita mbele yake mara nne akienda na kurudi, akampa kisogo mara zote nne. Jioni Kamusi alikwenda zake. Kesho yake akarudi, akakaa pale pale. Mlinzi alimuuliza kama ana mgonjwa humo. Alisema ndiyo. Mlinzi akauliza mbona haingii, naye akasema anangoja kuitwa.

Siku ya tatu, saa za asubuhi, mdogo wake alitoka akasimama mbele ya benchi. Alikuwa amezeeka tangu lile baraza. Au pengine siku zote alikuwa hivyo na Kamusi alikuwa bado akimwona yule wa miaka tisa.

"Wamekata vidole viwili," alisema. "Vitatu wamevinyoosha. Wanasema vitashika kijiko."

Kamusi aliinuka, akafungua mdomo.

"Usianze," alimkatiza. "Sijaja kusikia. Usiku kucha sijafumba jicho, nataka kwenda kuoga, na muuguzi wao ni mmoja kwa watu thelathini. Ingia ukae naye mpaka nirudi. Usimwombe msamaha, amechoka. Ukimwona ana kiu, mpe chai, mkono wake wa kushoto una sindano. Basi."

"Sawa."

"Na usimweleze maana ya kitu chochote."

Akaenda zake, viatu vikiburuzika. Kamusi aliingia wodini. Pasi alikuwa kitandani, safari hii kitandani kweli, amelala juu ya shuka jeupe lililonyooshwa, mkono wa kulia umening'inizwa juu kama wa mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Alimtazama Kamusi bila kushangaa wala kutabasamu.

Kamusi alivuta kiti, akamimina chai kikombeni, akaipuliza, akamwekea mdomoni taratibu, mkono mmoja nyuma ya shingo yake. Pasi alikunywa kidogo, akapumzika, akanywa tena. Kikombe kilipofika nusu, aligeuza uso ukutani. Kamusi alibaki amekishika kikombe, kikiwa bado cha moto, akingoja aone kama atataka tena.